Ubebe Kilo Ngapi za Risasi? Mwongozo Kamili wa Kupima Uzito wa Kuzamia na Suti ya Neopreni

Mzamiaji akiniuliza abebe kilo ngapi za risasi, yaani vile vipande vya madini mazito vya kumsaidia kuzama, nami humuuliza swali jingine kwanza: mara ya mwisho ulipozama, mtungi wa hewa ukiwa umebaki na bari 50 (bari ni kipimo cha presha), ulitulia vipi pale mita 5? Wengi hawakumbuki. Wanachokumbuka ni kama walishuka haraka au walihangaika juu ya maji mwanzoni. Jibu la kilo ngapi, hata hivyo, liko mwishoni mwa mbizi, kwa sababu hapo ndipo mtungi umekuwa mwepesi kuliko wakati wote na suti imerudi karibu na unene wake. Ukiweza kutulia hapo, sehemu nyingine yote ya mbizi unaiweza.

Uzito sahihi, basi, ni ule mdogo kabisa unaokuwezesha kutulia kati ya mita 5 na mita 3, jaketi (lile la kuelea, linalojazwa na kutolewa hewa) likiwa tupu, mtungi ukiwa na bari 50, huku ukipumua kawaida. Huzami, huelei. Hatua zote zilizo hapa chini ni njia za kuifikia nambari hiyo.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Nilipoanza nilipewa kilo 12 pamoja na suti ya milimita 5, na kwa mbizi zaidi ya ishirini niliamini ndivyo mambo yalivyo: miguu inaning'inia, mapezi yanatimua mchanga, na hewa yangu inaisha wenzangu wakiwa bado na nusu mtungi. Leo navaa suti ya unene uleule, mwili wangu haujabadilika, nami nabeba 7. Zile kilo tano za ziada hazikunipa usalama wowote.

Kinachoelea na kinachozama

Kanuni ni ya Archimedes: maji hukiinua kitu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa na kitu hicho. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, na ya maji yasiyo na chumvi kilo 1. Risasi tunayobeba, yaani yale madini mazito, inafaa kwa sababu lita yake moja ina zaidi ya kilo 11. Inazama huku ikichukua nafasi ndogo.

Neopreni ni mpira uliojaa viputo vidogo vya gesi. Viputo hivyo ndivyo vinavyokutunzia joto, na ndivyo vinavyokuelesha. Ukishuka, presha ya maji inavibana: mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu, mita 30 ni mara nne. Gesi iliyo huru ingebaki robo tu ya ujazo wake pale mita 30. Mpira hupinga kidogo, kwa hiyo suti haifiki robo kamili, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuelea huwa imekwisha. Ndiyo maana suti iliyokusumbua kuzama juu huwa nyembamba kama fulana ukifika chini, na baridi unaanza kuisikia.

Mtungi nao hubadilika, ila kwa njia nyingine. Hewa ina uzito: lita elfu moja ni kama kilo 1.2. Mtungi wa lita 11 uliojazwa bari 200 una lita 2,200 za hewa, yaani kilo 2.6 hivi. Ukiutumia mpaka bari 50 utakuwa umepumua lita 1,650, na mzigo wako umepungua kilo 2. Mtungi wa alumini wa kawaida huanza ukizama kidogo na kumaliza ukielea. Ukiwa mtupu kabisa huinua karibu kilo 2. Mitungi mingi ya chuma hubaki ikizama hata ikiisha. Hapa watu hukosea: husema mtungi wa chuma haubadiliki uzito. Unabadilika sawasawa na wa alumini, kwa sababu kinachopungua ni hewa, si chuma. Tofauti ni mahali unapoanzia.

Halafu kuna mapafu, na hapa ndipo kilo nyingi zisizo na sababu hutoka. Pumzi ya kawaida ni nusu lita. Lakini kati ya kujaza kifua kabisa na kutoa pumzi yote kuna lita 3 hadi 5 kwa mtu mzima, na kila lita ni kilo moja ya kuelea. Mzamiaji mwenye wasiwasi hupumua juu juu, kifua kikiwa kimejaa muda wote, bila kujua. Mtu huyo anahitaji kilo 2 zaidi ya vile angehitaji akiwa ametulia. Akizoea maji, kilo hizo zinapaswa kuondoka, na mara nyingi hakuna anayemkumbusha.

Hatua ya 1: Kadirio la kuanzia

Kwa maji ya bahari na mtungi wa alumini, anza na hesabu hii ya uzito wa mwili wako: suti ya milimita 3, asilimia 5; suti ya milimita 5, asilimia 10; suti ya milimita 7 yenye kofia na glavu, asilimia 10 na uongeze kilo 1.5 hadi 3. Mtu wa kilo 72 mwenye suti ya milimita 5 ataanzia kilo 7.

Ni mahali pa kuanzia tu. Asilimia haijui kama suti yako ni mpya au imezamishwa mara mia tatu, wala haijui kama mwili wako ni wa misuli au wa mafuta, na mafuta huelea. Usiinakili nambari ya mwenzako hata kama mnalingana kimo.

Hatua ya 2: Pima suti peke yake

Hatua hii wengi huiruka, na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inaondoa ubishi. Weka suti kwenye mfuko wa wavu, itumbukize majini, uikamue vizuri. Ingiza mkono ndani ya mikono na miguu ya suti ufukuze hewa iliyojificha. Utaona mapovu yakipanda kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Sasa tia vipande vya risasi ndani ya mfuko, kimoja kimoja, mpaka mfuko uning'inie majini bila kuzama wala kupanda. Kilo ulizotia ndizo ambazo suti hiyo inakudai.

Fanya vivyo hivyo kwa viatu na kofia ya neopreni. Jaketi nalo lipime likiwa limelowa na kutolewa hewa, maana yale yenye sponji nyingi mgongoni huelea peke yake. Kisha jumlisha. Mfano wa mtu wa kilo 72, baharini:

Suti ya milimita 5 imedai kilo 5. Viatu nusu kilo. Jaketi nusu kilo. Mtungi wa alumini ukiwa na bari 50 unadai kilo 1.5. Mwili wenyewe, akiwa na pumzi ya kawaida, kilo 1. Regulata, yaani kifaa cha kupumulia, inazama, kwa hiyo inarudisha kilo 1. Jumla: kilo 7.5.

Inakaribiana na ile asilimia 10, lakini sasa anajua kila kilo imetoka wapi. Akibadilisha suti kesho, atabadilisha mstari mmoja tu wa hesabu badala ya kuanza kubahatisha upya.

Hatua ya 3: Pima juu ya maji

Tafuta maji yaliyotulia, yenye kina kinachozidi kimo chako, karibu na kamba au ukingo wa kushika, na mwenzako akiwa kando. Vaa vyote utakavyozama navyo. Kaa majini dakika tano kabla ya kupima chochote, ili suti ilowe na hewa iliyonaswa itoke. Anayepima suti ikiwa kavu hupima hewa ya suti.

Weka regulata mdomoni. Simama wima ndani ya maji, pishanisha vifundo vya miguu ili mapezi yasipige. Inua bomba la jaketi juu ya kichwa, bonyeza kitufe cha kutoa hewa, inamia kidogo upande wa pili ili bega lenye bomba liwe juu kabisa. Subiri mpaka mlio wa hewa uishe, kisha subiri kidogo tena. Mara nyingi huwa kuna robo lita imejificha nyuma ya bega. Vuta pumzi ya kawaida, si ya kujaza kifua, uishike kwa muda mfupi.

Angalia kioo cha maski. Mstari wa maji unatakiwa ukate katikati yake: nusu ya juu unaona anga, nusu ya chini unaona magoti yako. Sasa toa pumzi taratibu, yote. Maji yapande juu ya kioo, utosi uzame, nawe uanze kushuka polepole. Vuta pumzi tena, na mwendo huo usite.

Ukizama na pumzi yako kifuani, ondoa kilo 1. Mdomo ukibaki juu ya maji, ongeza kilo 1. Rudia. Ukiwa umepima kwa mtungi uliojaa, ongeza kilo 2 mwishoni, kwa ajili ya ile hewa utakayoipumua. Kwa mtungi wa lita 15 fanya 2.5. Ukipima mtungi ukiwa na bari 50 tayari, usiongeze kitu. Mimi hupendelea njia hii ya pili, baada ya mbizi, kwa sababu suti imelowa vizuri na mtu ameshatulia.

Hatua ya 4: Pima pale panapohusika

Kipimo cha juu ya maji hukupa nambari nzito kidogo kuliko unayohitaji. Juu suti imevimba. Mita 5 presha ni mara moja na nusu, na gesi ya ndani ya neopreni imeshapungua. Kwa suti ya milimita 5 tofauti hiyo inaweza kuwa kilo nzima.

Mwishoni mwa mbizi, basi, ukiwa umesimama mita 5 kwa zile dakika tatu za usalama, na geji ikisoma bari 50, shika kamba kwa vidole viwili. Toa hewa yote ya jaketi. Yatapanda mapovu makubwa mawili matatu, kisha madogo, kisha basi. Tulia, pumua kawaida, mapezi yasitikisike. Achia kamba.

Ukianza kuzama hata baada ya kuvuta pumzi ndefu kidogo, una risasi ya ziada. Mpe mwenzako kipande cha kilo 1 aishike, ujaribu tena. Ukianza kupanda huku unatoa pumzi vizuri, shika kamba mara moja na urudishe kipande. Kisha panda hadi mita 3 ukirudie kipimo, kwa sababu mita hizi za mwisho ndizo ngumu kuliko zote: ujazo wa gesi hapa hubadilika kwa kasi kuliko mahali pengine popote, na mtu aliye mwepesi mno hurushwa juu. Kupanda bila kujizuia huleta hatari ya kuumia mapafu na ugonjwa wa viputo vya naitrojeni mwilini. Nambari inayokushikilia mita 3 ndiyo yako. Usipunguze zaidi ya hapo ili kujisifu kwamba unabeba kidogo.

Badilisha kilo 1 tu kwa mbizi moja, na usishike pumzi wakati wowote unapopanda.

Kwa nini kilo za ziada ni hatari

Wengi huona kilo 3 au 4 za ziada kama akiba. Fuatilia hesabu. Una kilo 4 zisizohitajika, uko mita 10. Ili usizame, jaketi lazima libebe lita 4 za hewa. Panda hadi mita 5: lita 4 zimekuwa 5.3. Sasa unaelea kwa kilo 1.3 bila kubonyeza chochote. Usipoitoa hewa hiyo, itakufikisha juu ikiwa lita 8. Yaani risasi uliyoiongeza ili usirushwe juu ndiyo iliyokuletea puto la kukurusha. Mwenye uzito sahihi katika kina hicho ana hewa kidogo sana kwenye jaketi, na kosa lake dogo hubaki dogo.

Kuna na mkao. Risasi kiunoni huvuta miguu chini, hewa ya jaketi huinua kifua, nawe unaogelea ukiwa umesimama mshazari. Unasukuma maji kwa mwili mzima, unachoka, na hewa inaisha upesi.

Ukishindwa kuzama, usikimbilie risasi

Nimewaona watu wakiongezewa kilo mbili ilhali tatizo lilikuwa miguu. Mtu akiwa wima akapiga mapezi, anajisukuma juu. Hawezi kushuka hata umbebeshe nini. Kabla ya kuongeza kitu, kagua haya: jaketi limeisha hewa kweli? Suti imelowa? Miguu imetulia? Pumzi imetoka mpaka mwisho, au ametoa nusu akaogopa? Mwambie atoe pumzi polepole, na asiharakishe kuvuta nyingine hadi macho yazame. Mita moja au mbili za mwanzo ndizo ngumu. Zikipita, suti huanza kubanwa na kushuka kunakuwa rahisi.

Kutoka baharini kwenda ziwani, na kurudi

Panda mizani ukiwa umevaa kila kitu, pamoja na mtungi na risasi. Zidisha kilo zote kwa 0.025. Mtu wa kilo 72 mwenye vifaa na risasi za kilo 33 ni kilo 105. Jibu ni 2.6. Akitoka baharini kwenda kwenye maji yasiyo na chumvi anaondoa kilo 2.5, akirudi anaziongeza. Baada ya hapo apime tena, kama kawaida.

Mahali pa kuweka

Kwanza usalama. Sehemu ya risasi yako lazima iweze kuachwa kwa mkono mmoja, na iwe ya kutosha kukufanya uelee juu ya maji ukiiachia. Mkanda uvaliwe mwisho, usifunikwe na mikanda mingine, na bizimu ifunguke kwa mkono wa kulia kwa wote, ili mwenzako ajue pa kushika. Kumbuka suti ikibanwa kiuno chako kinapungua. Ukifika chini kaza mkanda, la sivyo utazunguka na bizimu itaenda mgongoni.

Sehemu nyingine, kilo 1 hadi 2, weka kwenye mifuko midogo ya ukanda wa mtungi ikiwa miguu yako huzama. Jipime hivi: lala kifudifudi majini mita moja kutoka chini, kunja magoti, acha kila kitu kitulie. Miguu ikizama kwanza, sogeza risasi kuelekea mabegani. Kichwa kikizama kwanza, irudishe kiunoni. Risasi za vifundoni mimi sizipendi. Unazibeba kwa kila pigo la pezi.

Kipimo cha mwisho: unaweza kuogelea nao juu?

Una uzito mkubwa kuliko wakati wote mara tu unapofika chini: mtungi umejaa, suti imebanwa. Kwa mfano wetu, suti imepoteza labda kilo 3 pale mita 30 na hewa ya mtungi ni kilo 2 ambazo bado hazijatumika. Jaketi likipasuka hapo, utaogelea juu ukiwa na kilo 5 za kukuvuta. Wengi wanaweza, kwa shida. Mwenye suti ya milimita 7 na mtungi mzito wa chuma huenda asiweze, na huyo achague mtungi mwepesi zaidi au ahakikishe ana risasi ya kuachia kidogo kidogo, si mkanda mzima kwa mpigo. Jaribu hili na mkufunzi, kwenye maji mafupi, kabla hujalihitaji.

Andika

Suti huzeeka. Viputo vyake hubondeka kadiri unavyozama nayo, na suti iliyodai kilo 5 ikiwa mpya itadai pungufu baada ya misimu michache. Ukipata mtungi wa aina nyingine, viatu vipya, kamera au tochi kubwa, hesabu inahama. Daftari la mbizi ndilo linalokuokoa, ilimradi uandike zaidi ya kilo peke yake. Mstari wangu wa mbizi iliyopita unasomeka hivi:

Bahari. Suti mm 5, msimu wa tatu. Viatu, bila kofia. Alumini lita 11. Kilo 7: mkanda 5, ukanda wa mtungi 2. Mita 5, bari 50: nilizama polepole, kifua kikiwa nusu. Mita 3: nilitulia. Mara ijayo nibaki na 7.